Maneno ya Kuandika Juu ya Kaburi la Perusi

Perusi, mdogo wangu,

Kosa wanalolifanya wengi wanaojifunza Kiingereza ni kudhani kwamba ukishajua maana ya neno, neno limekuwa lako. Wanaandika neno upande wa kushoto na maana upande wa kulia, wanafunika kwa kiganja, wanajipima, wanafurahi. Hawaulizi neno hilo hutoka kinywani mwa nani, humwendea nani, na likisemwa watu hucheka au huinamisha vichwa. Wewe ulilijua kosa hili kuliko mtu yeyote niliyemfundisha katika maisha yangu ya ualimu. Ndiyo maana nina hasira, na hasira yangu sasa ina miezi mitano, kwa sababu kosa lenyewe lilifanyika mbele ya jeneza lako.

Nilitaka nikuandikie hasira ikishapoa. Haikupoa. Daktari ameniambia nisijipandishe presha, nami namwitikia vizuri, kisha narudi nyumbani na kuanza kubishana na vyombo jikoni. Kwa hiyo nakuandikia hivyo hivyo. Naandika kwenye kurasa ulizoziacha tupu mwishoni mwa daftari lako, lile kubwa lenye jalada gumu lililoshika harufu ya tumbaku. Mama yako alinikabidhi siku ya tatu ya msiba. Alisema, "Mwalimu, haya ni mambo yenu wawili, mimi siyajui."

Nikueleze kwanza ilivyokuwa, maana wewe ulikuwepo lakini hukusikia.

Tulikuzika kwenu Katumba, makazi ya mliotoka Burundi, mvua ya rasharasha ikinyesha, tumbaku ikiwa bado shambani na mabani ya kukaushia yakisubiri kuni. Mchungaji aliongoza ibada kwa Kiswahili, watu wenu wakaimba nyimbo zenu za Kirundi, kila mtu akaelewa alichoelewa. Kisha wakasema wasifu wa marehemu utasomwa na Gervas. Gervas wako, mtoto wa kaka yako, uliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Siku hizi ana chumba cha tuisheni mjini Mpanda, karibu na soko, chenye bango linaloahidi Kiingereza cha kiwango cha juu. Alivaa koti jeusi la kuazima. Mtu alimshikia mwavuli. Akafungua karatasi, akasoma wasifu wako wote kwa Kiingereza.

Wote, Perusi. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mahindi, na nakuhakikishia waliokuwa wanaelewa hawakufika sita. Hakuna aliyetafsiri. Watu walinyamaza kama wananyamazia Maandiko. Na sentensi ya kwanza kabisa, kwa sauti nzuri aliyoirithi kwenu, ilisema kwamba shangazi yetu mpendwa "has kicked the bucket".

Nitalieleza hili kwa atakayelifungua daftari hili baadaye na hajui. Maneno yale yanasema kwamba mtu amepiga ndoo teke, na Waingereza huyatumia kumaanisha kwamba amekufa. Kwa hiyo maana ni kufa, hapo Gervas hakukosea. Lakini ni maneno ya utani. Anayatumia mtu aliye kilabuni akimzungumzia mtu asiyemhusu, au anazungumzia redio yake iliyozimika. Mbele ya wafiwa huyasemi. Nasi tunayo ya namna hiyo. Vijana wa mjini husema fulani amedanja, fulani amekata kamba. Jaribu kusimama makaburini useme mama wa watu amedanja, uone kama utapewa chakula.

Hakuishia hapo. Akasema ulikuwa ukiwasha mshumaa ncha zote mbili, akidhani anakusifia bidii, kumbe msemo ule unamlaumu mtu anayejimaliza mwenyewe. Akasema umetuacha kwenye maji ya moto, yaani matatani, kana kwamba ulikuwa umefanya jambo ukatukimbia. Misemo ilifuatana kama mabehewa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama yako.

Mama yako akanigusa kwa kiwiko. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, anasema nini juu ya mwanangu?"

Nikamjibu, "Anamsifia mwanao, mama. Ni maneno mazuri."

Shika jibu langu hilo, Perusi, maana yaliyofuata yote yametokana nalo.

Nikikaa peke yangu huwa naikumbuka Jumamosi ya kwanza uliyonijia. Uliegemeza baiskeli kwenye ukuta wangu, ukatoa kiroba cha maharage, ukaniambia umesikia mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza na huwa sina haraka na mtu. Ulikuwa umeishia darasa la saba. Kiingereza cha kujieleza ulikuwa umeshakiokota, cha vitabu vya watoto na cha redio. Ulisema hutaki cha "how are you". Unataka cha ndani.

Nikakuuliza cha ndani ni kipi.

Ukanieleza habari ya wageni waliokuja kwenye chama chenu cha tumbaku. Mlikuwa mmekaa ghalani mnapanga majani, mgeni mmoja akamgeukia mwenzake akazungumza muda mrefu huku akiwaangalia mikono, mwenzake akacheka, akajibu naye kwa urefu. Mkalimani akawageukia akasema, "Wanasema wanashukuru." Uliniambia, "Mwalimu, dakika zote zile haziwezi kuwa asante. Mimi nataka kile kilichobaki."

Nilikupenda siku ile ile. Lakini ualimu una magonjwa yake. Nikaingia ndani, nikakutolea karatasi. Ilikuwa orodha ya misemo themanini na maneno magumu mia mbili, niliyoichapa kwa stensili nilipokuwa nafundisha kidato cha nne, msemo kushoto na maana kulia. Niliiona kama urithi. Nikakwambia, "Kariri hii, ukirudi nitakupima."

Jumamosi iliyofuata ulirudi nayo imekunjwa vizuri, ukaniwekea mezani. Ulisema, "Mwalimu, usinikasirikie. Haya ni majani yaliyochanganywa."

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Wewe ukaendelea kunieleza kwa upole, kama mimi ndiye mwanafunzi. Jani la tumbaku, ulisema, huliangalii rangi kwanza. Kwanza unauliza lilikaa wapi kwenye mche. Majani ya chini ni membamba na yana mchanga, ya katikati yana mwili mzuri, ya juu ni mazito na makali. Majani mawili yanaweza kuwa na rangi moja kabisa, na mpangaji mgeni akayaweka pamoja, akafunga robota, ule mzigo wa kupeleka sokoni, akaona amemaliza kazi. Siku ya soko mteuzi anayepanga madaraja anaingiza mkono katikati ya robota, anavuta jani moja, anajua. Robota zima linarudi.

"Sasa kwenye karatasi yako," ukasema, "yote ni rangi moja. Kufa, kufa, kufa. Sijui lipi la chini na lipi la juu. Nikifunga hivi nitarudishwa."

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na zaidi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunionyesha kosa langu waziwazi namna ile. Wala wewe hukujua kwamba umenionyesha. Uliomba maji ya kunywa.

Hivyo ndivyo daftari hili lilivyozaliwa. Hukuandika maana kwanza. Uliandika nani amesema, anamwambia nani, wako wapi, nyuso zao zikoje. Maana ilikuja mwisho, mara nyingine baada ya wiki tatu. Ulisikiliza redio ya nje ukiwa unapanga majani. Uliwavizia wageni wa mbugani wanaoteremka mjini kununua maji. Ulinileta mpaka stesheni ya reli tukakaa kwenye benchi nusu siku kwa sababu ulisikia kuna wazungu wawili wanasubiri treni, nami kwa umri wangu nikajifanya nasinzia ili wasinyamaze. Wakatuchekesha kwa ugomvi wao wa begi lililopotea. Ulipata misemo minne siku ile, na mmoja, yule wa kumwambia mtu kwamba unamwelewa lakini hukubaliani naye, uliutumia wiki iliyofuata kwenye mkutano wa chama. Mgeni aliweka kalamu chini akakuangalia upya. Tangu siku ile mkalimani hakuwahi tena kuwaambia "wanashukuru" na kuishia hapo. Wageni walikuwa wanakuuliza wewe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipomwambia mama yako kwamba ni maneno mazuri.

Sasa nikwambie kilichobadilika tangu umeondoka. Tumbaku yako ilivunwa, kaka yako aliikausha, na majani umeyapanga mwenyewe kwa mikono ya wale wasichana uliowafundisha. Mama yako bado anaamka kabla ya jogoo. Anakuita akiwa anatafuta viatu, kisha anakumbuka. Nami Jumamosi niliendelea kuweka vikombe viwili vya chai, changu na chako.

Wiki tatu zilizopita waliniita Katumba. Familia ilikuwa imekubaliana kaburi lijengwe kabla ya kuganduka, ile siku yenu ya kuondoa msiba. Saruji ilishafika, fundi alishapatikana, bwana mmoja wa kijiji cha pili anayeandika herufi kwa msumari kabla saruji haijakauka, naye ana mwandiko mzuri kweli. Waliniita ili niwaangalizie maandishi yasije yakakosewa. Nikaenda nimejiandaa kwa jina lako na siku zako.

Mama yako akaingia ndani, akatoka na Biblia. Ndani yake alikuwa ameweka picha yako na karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya Gervas. Akanionyesha kwa kidole mstari wa kwanza, ambao mtu alikuwa ameshamwekea alama kwa kalamu ya wino.

"Haya," akasema. "Yale uliyoniambia ni mazuri. Watu walinyamaza yaliposomwa. Nataka alale nayo."

Niliomba kiti na nilikuwa tayari nimekaa kwenye kiti.

Nikasema kwa shida, kwa nini isiwe Kiswahili. Baba yako mdogo Zakaria ndiye aliyejibu, naye alijibu bila ubaya. Alisema, "Mwalimu, wewe ni Mpimbwe, umezaliwa hapa na babu zako wako hapa. Sisi tumeitwa wakimbizi mpaka tumepewa uraia, na bado wapo wanaotuita hivyo. Mtu akipita kwenye kaburi lile asome Kiingereza, hatauliza huyu alikuwa mtu wa wapi. Atasema hapa amelala msomi."

Nilimwelewa mzee Zakaria mpaka kwenye mfupa, na ndiyo maana hasira ilizidi. Waliichagua sentensi ile kwa heshima. Walikuwa wanataka kukufunika kwa kitu kizuri kuliko vyote walivyoona, na kitu chenyewe kilikuwa tusi, na aliyewaambia ni kizuri ni mimi. Ungelala chini ya mzaha wa kilabuni kwa herufi nzuri za msumari, wewe uliyezunguka na baiskeli miaka yote ile ukiuliza neno limekaa wapi kwenye mche. Wageni wangepita na kusoma. Wangecheka wakiwa wamefika barabarani.

Fundi alisema ataandika Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Gervas. Nilimkuta ana wanafunzi kama ishirini, wanaitikia kwa pamoja. Yeye anasema msemo, wao wanasema maana. Nilisubiri mlangoni mpaka walipotoka. Akanipa kiti cha plastiki, akaniamkia vizuri, "Shikamoo Mwalimu, karibu kwenye kiwanda chetu." Ana utani kama wako.

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akatabasamu kama mtu anayemhurumia mzee. Akasema, "Mwalimu, msemo huo maana yake ni kufa. Hata kamusi inasema kufa." Akafungua simu akanionyesha. Nikamwambia na mbuzi hufa. Akasema, "Kiingereza cha zamani kilikuwa cha kujibana. Siku hizi tunatumia misemo, ndiyo kiwango cha juu. Mtu akiniuliza shangazi amefariki nitasema 'passed away' kama mtoto wa darasa la tano?"

Nikamuuliza ameipata wapi misemo yake. Akanipa kijitabu anachowagawia wanafunzi, kurasa zilizobanwa pini.

Perusi, nilikisoma nikiwa nimesimama. Msemo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilijua wa nne kabla sijaufikia. Palikuwa na kosa la chapa kwenye msemo wa kumi na moja, herufi moja imeruka, na kosa hilo nalikumbuka kwa sababu mashine yangu ya stensili ilikuwa na herufi iliyolegea. Ilikuwa orodha yangu. Mwanafunzi alimnakilia mwanafunzi, mdogo akanakili kwa kaka, mtu akaenda nayo Kasekese, mwingine akairudisha, mpaka ikaingia kwenye kompyuta ya steshenari ikatoka safi. Themanini ile ile. Kupiga ndoo teke ni namba kumi na saba, na mbele yake, kwa Kiswahili changu mwenyewe, neno moja: kufa.

Miezi yote ile nilikuwa nikimkasirikia kijana wa watu kwa jani nililolichanganya mimi.

Sikumwambia hapo hapo. Kiburi kilinishika kwanza, wewe unanijua. Nikafungua mkoba nikatoa daftari lako. Nilijua msemo ule umo humo, kwa sababu niliutafuta usiku ule ule mama yako aliponikabidhi daftari. Ukurasa una doa la chai. Umeandika kwa mkono wako: "Kupiga ndoo teke. Amesema mteuzi wa tumbaku kumwambia dereva wake, juu ya pikipiki yake iliyozimika njia ya Kabungu. Wote wawili walicheka. Nikamuuliza mteuzi kama naweza kusema kwa mtu. Akasema ndiyo, kama humpendi. Jani la chini, lina mchanga. Usiliweke mbele ya mfiwa."

Gervas alisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili polepole, midomo ikisogea. Kisha akakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakiwa juu.

"Kama humpendi," akasema.

Nikalirudisha daftari mkobani.

"Nimesimama mbele ya watu wote wale nikamtukana shangazi. Aliyenilipia mpaka kidato cha sita." Akafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akaniangalia, na macho yake hayakuwa tena ya mtoto. "Na wewe, Mwalimu, ulikuwepo. Ulielewa. Mbona hukusema siku ile?"

Ningeweza kusema haikuwa mahali pake, kwamba nilimwonea huruma mama yako, kwamba msiba una adabu zake. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililo jibu. Nilinyamaza kwa sababu nchi nzima hunyamaza Kiingereza kikisomwa. Asiyeelewa anaogopa kuonekana hajui, na anayeelewa anaogopa kuonekana anajidai, hivyo maneno yanapita katikati yetu bila kukaguliwa, tunapiga makofi au tunasema amina. Kila mtu amekuwa mkalimani yule wa ghalani. Dakika zote zile, na sisi tunawaambia mama zetu, "Wanashukuru."

Ndipo nikamwambia orodha ni yangu. Nilimwonyesha ile herufi iliyoruka. Akaitazama, kisha akasema kitu kilichonichekesha katikati ya aibu: "Nimekuwa nikiwafundisha na kosa lako la chapa. Wanafunzi wangu wanalitamka hivyo hivyo."

Jumatano tulikwenda Katumba pamoja, kwa pikipiki moja, mimi nikimshika koti. Njiani alisema atazungumza yeye. Nikakataa. Uongo ulikuwa wangu, na mwenye uongo ndiye anayeufungua.

Mama yako alikuwa uani anachambua maharage. Zakaria alikuwepo, na fundi alikuwa amekuja kupima. Nilipiga magoti, na kwa goti langu hili si jambo dogo. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliniuliza, nikakudanganya. Maneno yale si mazuri. Ni kama kusimama makaburini na kusema Perusi amedanja."

Fundi akashusha futi yake.

Zakaria alikuwa wa kwanza kusema, akamgeukia Gervas, "Wewe ndiwe ambaye tuliuza mbuzi ili usome?" Gervas aliinamisha kichwa akasema ndiyo, babu, ni mimi. Hakujitetea kwa kamusi.

Mama yako aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. Akatoa jingine. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Kijana alisoma kwa heshima. Niliiona sura yake. Heshima yake nimeipokea, siirudishi. Maneno ndiyo yafutwe." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe, Mwalimu, inuka. Siku nyingine nikikuuliza, nijibu."

Nimesomeshwa na wengi. Hakuna aliyenihukumu kwa maneno machache namna hiyo.

Zakaria akasema basi tutafute Kiingereza kizuri, kipo, Mwalimu anakijua. Na kweli kipo, ningeweza kumpa sentensi tatu safi pale pale, ulizoziandika wewe mwenyewe chini ya kichwa cha maneno ya msibani. Nilikuwa nimezibeba. Lakini nilikumbuka swali lako, lile unaloanza nalo kila ukurasa. Nani anasema? Anamwambia nani? Kaburi lile, nani anazungumza? Si Gervas. Si mimi. Ni mama anamwambia mwanawe. Na tangu siku ulipofariki, kati ya watu wote tuliobishana juu ya lugha ya kukuzika nayo, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama huyo yeye angesemaje.

Nikamuuliza.

Hakufikiri. "Yitavye Imana," akasema. Ameitika, Mungu alipomwita. Akaeleza taratibu kwa ajili yangu na fundi, kwamba kwao mtu mnayempenda hamsemi amekufa. Mnasema ameitwa akaitika, kwa sababu alilelewa vizuri na mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa huitika. "Huyu," akasema, "hata utotoni sikuwahi kumwita mara mbili."

Mzee Zakaria aliigeukia barabara. Nilijua anachopima. Alikuwa anapima mtu wa barabarani, na lile neno "wakimbizi" ambalo watu bado wanawaita. Mwishowe akamwambia fundi, "Andika kama mama alivyosema. Anayetaka kujua huyu ni mtu wa wapi, aje aulize. Tutamwambia ni mtu wa hapa."

Fundi akasema hajawahi kuandika Kirundi, akaomba aandikiwe herufi kubwa kwenye karatasi. Gervas ndiye aliyemwandikia, upande wa nyuma wa ile karatasi yake. Alhamisi nilisimama nikaangalia msumari ukipita kwenye saruji mbichi. Jina lako, siku zako mbili, na maneno mawili ya mama yako. Yamekaa vizuri. Jani la katikati kabisa ya mche.

Hasira yangu haijaisha, usidhani. Nimekasirikia bango, kijitabu, stensili yangu na ukimya wetu. Nimekasirika kwamba wanafunzi ishirini wanaitikia "kufa" kwa pamoja kama wimbo, na wiki ijayo mmoja wao ataandika barua ya rambirambi. Lakini sasa hasira ina kazi ya kufanya, na hiyo inaisaidia isipande kichwani.

Nakuahidi hivi. Orodha yangu nimeichana, pamoja na kijitabu cha Gervas, yeye akichana na mimi. Nakala zilizoko mitaani siwezi kuzifuata zote, nitakufa nazo njiani. Lakini kila Jumamosi, badala ya vikombe viwili kukaa bure, nakwenda kwenye chumba cha Gervas na daftari lako. Kila mwanafunzi ana daftari lake lenye maswali yako. Juzi msichana mmoja alileta neno alilolisikia kwa mganga mkuu wa hospitali akiongea na mgeni, akatusimulia na namna mgeni alivyokunja uso. Hajui maana bado. Nikamwambia asiwe na haraka, ikae kwanza. Ungempenda. Na nakuahidi lingine, ambalo ni gumu zaidi kwangu: mama yako akiniuliza, nitamjibu.

Kwaheri, Perusi. Uliitwa ukaitika. Mimi nikiitwa nitajitahidi nisiitwe mara mbili.

Na wewe uliyefungua daftari hili na kufika hapa: weka orodha yako pembeni, chukua msemo mmoja tu wa Kiingereza unaojidai kuujua, na leo, kabla jua halijazama, mwendee mtu anayeutumia umuulize angeweza kuusema mbele ya nani.